Kasiksi ina mpaka wake: hamira inatufundisha nini juu ya nguvu ya pombe Fizi na Baraka

Mwezi wa Juni 2025 kampuni ya Heineken, mwenye Bralima, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 12 ya mwezi huo ilikuwa imepoteza usimamizi wa vituo vyake vya Bukavu na Goma, na kwamba wafanyakazi wake wa mwisho wameondolewa huko. Miji hiyo ilikuwa imeingia mikononi mwa AFC/M23 miezi michache kabla: Goma mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari.

Kwa mkaaji wa Fizi, hiyo ilikuwa habari ndogo. Ukiiweka kando ya habari za wakimbizi, za njaa na za barabara zinazofungwa leo na kufunguliwa kesho, nani atalia juu ya kiwanda cha bia? Lakini habari hiyo ina mkia. Pale chupa inapokosekana, au inapofika sokoni na bei isiyogusika, watu hawaachi kunywa. Wanarudia vinywaji ambavyo havikuondoka siku hata moja: kasiksi ya ndizi, pombe ya mahindi na ya mtama, na lutuku, ile ambayo wengine huita lotoko. Wamama wenye kutengeneza vinywaji hivi wanalipa minervali ya watoto kwa makuta ya bidoni, si kwa mshahara.

Hapo ndipo swali linapoanza. Bidoni la kasiksi halina karatasi yenye kuandikwa asilimia ya alkoholi. Mnunuzi anategemea ulimi wake na neno la muuzaji. Na kwenye masoko hakukosi mwenye kusifu kinywaji chake kwamba hakikupita motoni, kimechacha tu kama kasiksi yoyote, na bado kina nguvu ya lutuku. Je, jambo hilo linawezekana?

Jibu ni hapana. Sababu yake haiko kwa muuzaji wala kwa ndizi. Iko ndani ya kiumbe kimoja kidogo sana ambacho wataalamu wamekichunguza kuliko karibu viumbe vyote vingine duniani.

Kiumbe chenye kutengeneza sumu yake mwenyewe

Hamira, ambayo waoka mikate wengi kwetu huita levire, ni kiumbe hai. Jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae. Ndani ya tone moja la kasiksi yenye povu kuna mamilioni. Ndiyo inayoumua mkate, ndiyo inayogeuza maji ya zabibu kuwa divai, pamoja na ile divai ya misa, na bia nyingi za chupa zinatengenezwa na jamaa yake wa karibu. Hata yule mkristo wa Minembwe ambaye kanisa lake linakataza pombe kabisa, na makanisa ya namna hiyo ni mengi kule juu, anaila hamira kila anapokula mkate.

Mwenye kutengeneza kasiksi kwa kawaida hanunui hamira. Ndizi zinaivishwa ndani ya shimo lenye kufunikwa majani, zinamenywa, zinakamuliwa kwa nyasi mpaka zitoe mutobe, halafu unga wa mtama uliokaangwa unatiwa juu. Hamira inafika yenyewe: imo kwenye maganda, kwenye nyasi, kwenye mtumbwi wa mbao uliotumika juma lililopita. Inakula sukari na kutoa vitu viwili, hewa yenye kufanya povu, na alkoholi.

Alkoholi hiyo kwa hamira ni silaha. Ndani ya mutobe kuna bakteria wengi wenye kutaka sukari ile ile. Hamira inawawahi, inaimeza sukari mbio mbio, na inamwaga alkoholi ambayo wengi wao hawawezi kuivumilia. Baadaye, ikiwa hewa ipo, inaweza hata kurudi na kuila alkoholi yake kama chakula. Ni mpango mzuri, ila una tatizo moja. Silaha hiyo inamwagwa ndani ya nyumba ambamo mwenyewe anakaa.

Kila hamira imezungukwa na utando wenye mafuta. Alkoholi inaingia ndani ya mafuta hayo na kuyalegeza, sawa na ukuta wa udongo uliopigwa na mvua mfululizo. Utando unaanza kuvuja. Asidi iliyo nje inapenya ndani, na hamira inalazimika kuwasha pampu zake bila kupumzika ili kuitoa, na pampu zinakula nguvu. Wakati huo huo protini za ndani, zile zenye kufanya kazi zote za mwili wake, zinaanza kujikunja vibaya, karibu na vile ute wa yai unavyobadilika ukiguswa na moto.

Sauti zinapanda, sauti zinashuka

Mwaka 1996 wanasayansi walimaliza kusoma maandishi yote ya urithi wa hamira, kromosomu 16 zenye jeni zipatazo 6,000. Kazi hiyo ilihusisha maabara nyingi za nchi mbalimbali, na mratibu wake upande wa Ulaya alikuwa Mbelgiji André Goffeau wa chuo kikuu cha Louvain. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kiumbe cha kundi ambalo binadamu, ng'ombe na mgomba pia wamo, yaani viumbe vyenye kuweka urithi wao ndani ya kiini cha seli.

Jeni ni maagizo. Kila moja inasema namna ya kutengeneza kitu fulani. Lakini kuwa na agizo si kulitumia. Tuchukue mfano wa redio: hamira ina stesheni 6,000 na kila moja ina kitufe chake cha sauti. Swali la wataalamu lilikuwa hili: alkoholi ikipanda, ni stesheni zipi zinapandishwa sauti, na zipi zinazimwa?

Huko Dijon, Ufaransa, katika mkoa wa Bourgogne unaoishi kwa divai, watafiti walitoa jibu la kwanza kubwa mwaka 2001. Waliitia hamira ndani ya kinywaji chenye alkoholi asilimia 7 na kuiacha nusu saa tu. Karibu asilimia 3 ya jeni zote zilipandisha sauti mara tatu au zaidi. Kiasi kama hicho kilishuka. Nusu saa tu, na tayari mamia ya maagizo yamebadilika.

Zilizopanda zinaeleweka ukijua ni wapi panaumia. Kuna jeni iitwayo HSP104: kazi ya protini yake ni kukunjua protini nyingine zilizojifunga fundo. Kuna HSP12 na HSP26, za jamaa ile ile ya kukinga. Kuna TPS1, yenye kusaidia kutengeneza sukari ya pekee iitwayo trehalosi, ambayo hamira haiitumii kama chakula cha kila siku bali inaizungushia protini na utando wake ili visiharibike. Zaidi ya hayo hamira inarekebisha mafuta ya utando na aina ya mafuta magumu iitwayo ergosteroli, ili ukuta usilegee. Zilizoshuka nyingi ni jeni za kukua na kuzaa: viwanda vya kutengeneza protini mpya, maandalizi ya kugawanyika kuwa mbili.

Mwaka mmoja kabla, huko Marekani, kundi lingine la watafiti lilikuwa limeonyesha kwamba hamira ina namna moja ya kujibu shida karibu zote. Iwe joto, iwe chumvi, iwe njaa, jeni zipatazo 300 zinapanda na zipatazo 600 zinashuka. Protini mbili, Msn2 na Msn4, ndizo kama wapiga kengele: shida ikifika zinaingia kwenye kiini na kuamsha sehemu kubwa ya zile jeni za kinga.

Hakuna haja ya kumweleza sana mtu wa Hauts Plateaux. Familia inayosikia risasi upande wa pili wa kilima haiendelei kujenga jikoni. Inafunga mizigo, inaficha mbegu, inahesabu watoto. Kazi ya kukua inasimama, kazi ya kubaki hai inaanza. Hamira inafanya hivyo, na ndiyo maana povu la kasiksi linapungua hata pale sukari haijaisha yote.

Mpaka unaweza kusogezwa, hauwezi kuondolewa

Si hamira zote zina mpaka mmoja. Hamira ya mkate imechaguliwa kwa kutoa hewa haraka, si kwa kuvumilia alkoholi. Hamira za divai zinafika asilimia 12 mpaka 15 kwa kawaida, na chache zinapita hapo. Hamira za sake, pombe ya mchele ya Japani, zinaweza kufika karibu asilimia 20, na hapo ndipo karibu na kilele cha kuchacha duniani kote.

Habari ya hizo hamira za sake ni ya kushangaza. Mtu angefikiri kwamba zina kengele kali kuliko nyingine. Kumbe ni kinyume. Watafiti wa Japani waligundua kwamba ndani ya hamira mashuhuri za sake jeni ya Msn4 imekatika na haifanyi kazi, na mwitikio wote wa shida umedhoofika. Kwa sababu hazishtuki, hazisimamishi kazi. Zinaendelea kutengeneza alkoholi pale ambapo nyingine zimekwisha funga mizigo. Zinalipa deni hilo baadaye kwa kufa haraka, lakini mtengenezaji wa sake amekwisha pata alichokitaka. Kuvumilia na kuzalisha, basi, ni mambo mawili tofauti. Wengi wanayachanganya.

Huko Leuven, Ubelgiji, watafiti walichukua makundi kadhaa ya hamira na kuyalea kwa karibu miaka 2 huku wakipandisha alkoholi polepole, kisha mwaka 2015 wakatangaza walichokiona. Hamira ziliboreka, lakini kila kundi lilipita njia yake. Baadhi ziliongeza nakala za kromosomu zake zote. Hapakuwa na jeni moja ya kusema hii ndiyo. Ni jeni nyingi zenye kusaidiana, na kila hatua ina gharama yake.

Mwaka 2014 chuo kikuu cha MIT, Marekani, kilitoa jambo lingine. Badala ya kubadilisha jeni, walibadilisha maji ambamo hamira inaishi: waliongeza potasiamu na kupunguza ukali wa asidi. Hamira za maabara zikaongeza uzalishaji wa alkoholi kwa karibu asilimia 80, kwa sababu pampu za utando zilipata nafuu. Ndizi zina potasiamu kwa wingi, na hilo linafurahisha kulijua. Lakini lisichukuliwe kama ruhusa ya kutia majivu au mbolea ndani ya bidoni. Watafiti wale walikuwa wakitafuta mafuta ya kuendeshea gari, si kinywaji cha mtu.

Na sisi hapa? Mwaka 2018 ulitoka uchunguzi mkubwa wa hamira 1,011 kutoka pembe mbalimbali za dunia. Ulionyesha kwamba Afrika ina jamaa zake yenyewe: hamira za mvinyo wa mnazi na michikichi, hamira za bia za kienyeji, hamira za kakao ya Afrika Magharibi.  Wamama wenye kurudisha mashicha ya jana ndani ya pombe ya leo wamekuwa wakichagua hamira kwa vizazi vingi bila kuiona.

Hesabu ya sukari

Tuje sasa kwenye lile swali la soko. Hata tukisahau jeni zote, kuna hesabu rahisi. Ili kinywaji kipate asilimia 1 ya alkoholi, hamira inahitaji kula gramu 17 hivi za sukari katika kila litre. Mutobe wenye gramu 150 za sukari kwa litre hauwezi kuvuka asilimia 9, hata kila kitu kikienda vizuri. Na wengi wanaongeza maji.

Ili kufika asilimia 40, nguvu ambayo lutuku inaweza kuifikia, ingehitajika karibu gramu 680 za sukari ndani ya litre moja. Hicho si kinywaji tena, ni uji mzito wa sukari, na hamira ingekufa mara ya kwanza kwa kufyonzwa maji yake kabla ya kuuawa na alkoholi. Kwa hiyo kinywaji chenye kudaiwa kuwa kasiksi tupu, bila moto, na chenye kuunguza koo kama lutuku, kimeongezwa kitu. Labda ni lutuku yenyewe imemwagwa ndani. Labda ni kitu kibaya zaidi. Lakini hamira haikuifanya kazi hiyo.

Joto nalo lina neno lake. Alkoholi na joto vinapiga hamira mahali pale pale, kwenye utando na kwenye protini, ndiyo maana jeni zenye kujibu vyote viwili ni karibu zile zile. Baraka iko kando ya Tanganyika, chini ya mita 800, na mchana kuna joto kali. Minembwe iko juu ya mita 2,000 na usiku kunapiga baridi. Pombe ile ile, kwa unga ule ule, chini ku ziwa inachacha haraka, hamira inachoka mapema, na bakteria wenye kutengeneza siki wanapata mlango wazi. Kule juu inachukua siku zaidi lakini hamira inateseka kidogo. Mwenye kuuza Baraka ambaye kasiksi yake inageuka siki siku ya tatu asimlaumu jirani kwa uchawi. Aweke bidoni mahali pa kivuli, juu ya udongo wenye unyevu, na afunge vizuri lakini aache hewa ya povu itoke, la sivyo bidoni litapasuka.

Moto unaongeza nguvu, hauondoi sumu

Lutuku inaanza kama pombe nyingine yoyote. Mahindi au muhogo vinachacha mpaka hamira inapofika mpaka wake. Baada ya hapo kazi si ya hamira tena. Ni ya moto, pipa na bomba: alkoholi inapaa kwa joto la chini kuliko maji, inakusanywa kwenye baridi, na kinachodondoka kina nguvu mara nyingi zaidi.

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kuna etanoli, alkoholi ya kawaida ambayo hamira inatengeneza. Kuna methanoli, ambayo ni ndugu yake kwa sura na adui kwa tabia. Mwili unaigeuza methanoli kuwa asidi yenye kuua mishipa ya macho, kisha kumuua mtu. Hamira haitengenezi methanoli kutoka kwenye sukari. Kiasi kidogo kinatokea kwenye matunda, pale ile gundi ya asili iliyo ndani ya nyama ya tunda inapovunjwa, na kwa sababu hiyo pombe ya ndizi inaweza kuwa nayo kidogo. Misiba mikubwa ya eneo letu, hata hivyo, ilikuja na kinywaji kilichochanganywa. Nchini Uganda, Aprili 2010, watu zaidi ya 80 walikufa, wengi wao upande wa Kabale, baada ya kunywa waragi yenye methanoli. Nchini Kenya, Mei 2014, watu zaidi ya 80 walikufa katika kaunti kadhaa kwa siku chache tu, kwa kinywaji cha namna hiyo.

Kila mara mazingira yanafanana: kinywaji cha bei ndogo, bila chapa ya kuaminika, chenye nguvu kuliko bei yake. Na mazingira hayo hayo yanakua pale ambapo biashara ya kawaida imekatika. Fizi haijatengwa na dunia. Bidhaa zinaingia kwa mitumbwi na maboti kutoka ng'ambo ya ziwa, zinapanda milima kwa mgongo na kwa pikipiki, na alkoholi ya viwandani, ile ya kusafishia na kuchanganyia rangi, ni bidhaa kama nyingine.

Kuna imani kwamba lutuku nzuri inajulikana kwa kiberiti: ikishika moto wa buluu, ni safi. Imani hiyo ni ya hatari. Moto unaonyesha tu kwamba alkoholi ni nyingi. Methanoli nayo inawaka, tena kwa buluu hafifu ambayo mchana haionekani vizuri. Hata kile kipimo cha kioo chenye kuelea ndani ya pombe kali hakitofautishi hizo mbili. Ulimi pia hautofautishi.

Kipimo kwa pombe ya kuchacha, hapo hali ni nzuri zaidi. Chombo kidogo cha kioo ambacho wauza divai na watengeneza bia wanatumia, densimetri, kinapima uzito wa mutobe kabla ya kuchacha na baada. Tofauti ya namba mbili inatoa asilimia ya alkoholi. Si chombo cha maabara kubwa, na kikundi cha wamama kumi wanaweza kushirikiana kimoja. Mwenye kuandika kwenye bidoni lake kwamba kasiksi hii ni ya asilimia 5, na akaweza kuonyesha namna alivyoipata, anajitofautisha na yule wa nguvu za ajabu. Ushuru wa soko unakusanywa kwa kila bidoni linalopita, huo haujawahi kusahauliwa. Ingekuwa haki sehemu ya makuta hayo inunue vipimo kama hivyo.

Kuna wanaosema dawa ni kukataza yote. Hoja hiyo inasikika makanisani na kwa viongozi wa vijiji, na wana sababu zao: ulevi unavunja nyumba, na mwenye silaha akilewa ni balaa kwa kila mtu. Lakini katazo la jumla linagonga kwanza kasiksi ya asilimia 5, inayotengenezwa mchana kweupe na mama mwenye kujulikana na mtaa mzima. Kile kinachoua kinauzwa usiku, na katazo linakiongezea bei. Wenye mamlaka wangeanza na swali moja tu kwa kila kinywaji kikali: kimepita kwenye moto wa nani, na kama hakikupita kwenye moto, nguvu hii imetoka wapi?

Dalili za methanoli zinachelewa. Mtu anaweza kulala vizuri na kuamka kesho yake, baada ya saa 12 mpaka 24, na kichwa kinauma vibaya, tumbo linasokota, pumzi inakwenda mbio, macho yanaona ukungu au weupe kama theluji. Wenzake watasema ni uchovu wa pombe na kumpa maji alale. Macho yakiguswa, huo si uchovu wa pombe. Apelekwe siku hiyo hiyo kwenye hospitali ya Baraka, ya Fizi au ya Minembwe, kituo kilicho karibu zaidi, na waliokunywa naye waende pia hata kama bado wanajisikia wazima. Bidoni lenyewe wasilimwage. Walibebe, likiwa na mabaki yake, wampe daktari.